Mluzi wa Waitara

Faru alikuwa ameshafika kwenye magogo, mdomo juu, anangoja magadi yake, mluzi wa pili uliposikika kutoka ng'ambo ya korongo.

Huo hakuupiga Rhobi. Mdomo wake ulikuwa umefumba, na vidole vyake vilikuwa bado vinahangaika na fundo la kanga lenye bonge la magadi. Aliyepiga alikuwa mzee mmoja wa Robanda, anawaita ng'ombe wake watoke mtoni: mrefu mmoja, mafupi mawili, kisha mkia unaoshuka polepole. Masikio ya faru yakageuka kwanza. Kichwa kikafuata. Halafu mnyama mzima, mzito kuliko ng'ombe watatu, akamwacha Rhobi amesimama na magadi yake mkononi, akakata boma lote hadi upande wa korongo, akasimama pale pua katikati ya magogo mawili. Alikuwa anamngoja yule mzee naye amletee kitu.

Daktari Gloria, mganga wa wanyama aliyesimamia boma lile, alikuwa ameketi kwenye ngazi anaandika, na kalamu yake ikasimama. Amos, askari wa wanyamapori, alivua kofia, akajikuna, akaivaa tena.

"Mama Hilda," Gloria akasema taratibu, "huo mluzi wa yule mzee si ndio wako?"

"Wake una mkia mwishoni. Wangu unakatika."

"Hilda anajali mkia?"

Rhobi akamtazama faru aliyempa mgongo. "Hajali," akasema.

Zilikuwa zimebaki siku ishirini na moja lango lifunguliwe, Hilda aende porini moja kwa moja. Na kila mchungaji kuanzia Kenyamonta mpaka Robanda ana mluzi. Kila boma lina namna yake ya kuumalizia, lakini mwanzo ni ule ule, mrefu mmoja na mafupi mawili. Kwa hiyo yeyote mwenye midomo miwili angeweza kumwita Hilda, na Hilda angekwenda, na yule mtu angekuwa na magadi mkononi au angekuwa na bunduki. Hilo ndilo alilokuwa amelifanya Rhobi kwa mapenzi yake mwenyewe, bila kujua.

Hilo jina la Mama Hilda lilianza kama utani wa jikoni. Kwao Rhobi, Kenyamonta, mwanamke akizaa anaitwa kwa jina la mtoto wake. Asiyezaa anabaki na jina lake tupu mpaka uzee, na kila anayemwita anamkumbusha. Rhobi aliitwa Rhobi miaka ishirini na tisa ya ndoa. Basi siku ile wapishi wa boma walipomwona anamlisha faru matawi kwa mkono huku anamkaripia kama binti mvivu, mmoja akapaza sauti, "Mama Hilda, mwanao ameshiba?" Wakacheka wote. Rhobi naye akacheka. Lakini jioni ile, njiani, alilirudia jina lile mwenyewe kwa sauti ndogo, mara mbili tatu, aone linavyokaa mdomoni. Likakaa vizuri.

Mumewe, Waitara, hakuwahi kuoa mke wa pili. Watu walimsema weee mpaka wakachoka. Walikuwa na ng'ombe kumi na mmoja na hawakuwa na mtoto wa kuwachunga, kwa hiyo waliwachunga wenyewe, wawili, mume na mke, jambo ambalo pia lilisemwa. Huko malishoni ndiko Waitara alikomfundisha mluzi wa boma lao. Mama mkwe alipousikia unatoka kinywani mwa mwanamke alitema mate chini. "Mwanamke anapiga mluzi! Anamwita nani?" Waitara akacheka hadi akashika mbavu. "Ananiita mimi, mama," akasema.

Ikaja ile miaka ya dhahabu. Nani hakwenda? Walimu waliacha chaki, waimbaji wa kwaya waliacha kwaya, vijana wa Kenyamonta walikwisha vijijini kama kumbikumbi baada ya mvua. Waitara alishikilia ng'ombe wake msimu mmoja, akashikilia wa pili, wa tatu akaanza kuuza. Alitaka sehemu yake kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, upande wa Nyamongo. Ng'ombe wa kumi na moja alipotoka zizini, Rhobi alifagia zizi siku hiyo kwa mazoea tu, halafu akakaa kizingitini akijiuliza anafagia nini.

Siku moja ya Jumatano Waitara alipiga simu akiwa Nyamisangura, Tarime mjini, sauti imechangamka. "Tengeneza zizi, Rhobi. Jumamosi nakuja na ng'ombe." Ijumaa duara likaanguka likamfunika na wenzake wanne. Walichimbua siku tatu. Siku ya nne wakaacha, maana ukuta mwingine ulianza kuteremka, na waliokuwa hai walitaka kubaki hai. Waitara hana kaburi Kenyamonta. Alichoacha nyumbani ni zizi tupu na mluzi, na mluzi usio na ng'ombe haumsaidii mtu kitu.

Rhobi alipata kazi ya kukata majani kwenye boma la faru, akapanga chumba Robanda. Mwaka uliofuata akaletwa Hilda.

Hilda hakuzaliwa porini. Alizaliwa kwenye bustani ya wanyama ya nchi moja ya baridi, mama yake naye alizaliwa humo humo, na bibi yake alichukuliwa Afrika zamani, kabla watu hawajawamaliza faru kwa ajili ya pembe. Alifika ndani ya sanduku la mbao na chuma, ndege kisha lori, akiwa na mzee wa Kizungu aitwaye Henrik aliyemlea tangu siku ya kwanza. Henrik alikuwa na daftari lenye majina ya faru wa bustani zote za Ulaya na kwingineko: nani mama, nani baba, nani asizae na nani ili ndugu wasizaliane. Gloria alipomtafsiria, Rhobi alifurahi sana.

"Kumbe nao wana ukoo! Hata huko hawaoani nyumba moja."

"Hawaoani," Gloria akasema. "Tena watu wanalipa kiingilio kuwaangalia, na hicho kiingilio ndicho kimelipia safari ya Hilda. Wao huko wana faru lakini hawana pori. Sisi tuna pori, na upande wetu huu amebaki dume mmoja tu, anazunguka peke yake miaka sita."

Rhobi akafikiri. "Basi ni mahindi ya mbegu," akasema. "Yale unayofunga juu ya jiko, moshi uyalinde. Huyali hata ukiwa na njaa. Unangoja mvua."

Gloria alimtafsiria Henrik hayo. Mzee akatikisa kichwa kwa muda mrefu, akasema kitu kifupi.

"Anasema shida yake ni kwamba mbegu zake zinamjua jina," Gloria akaeleza.

Siku ya kuondoka Henrik hakumuaga Hilda. Alizunguka nyuma ya ghala, upande ambao upepo haukupeleka harufu yake bomani, akaingia kwenye gari. Rhobi alimwona ameinamia magoti, mabega yanatikisika. Mwanamume mzima analilia mnyama! Kusema kweli, alimcheka kidogo.

Siku zilizofuata hakucheka tena, kwa sababu Hilda aligoma kula. Nyasi kavu zilizotoka kwao ziliisha, na matawi ya mgunga na mkole aliyokatiwa hakuyagusa. Alisimama kona moja anaangalia njia liliyopita lile gari. Siku ya tano mbavu zikaanza kuonekana, na Gloria akaacha kutania. Siku ya sita, alasiri, Rhobi alikaa nje ya magogo, amechoka, mawazo yako mbali kabisa, yako Kenyamonta, wakati ambao ng'ombe wangekuwa wanarudi. Mdomo wake ukapiga mluzi wenyewe. Mrefu mmoja, mafupi mawili, kisha kimya. Faru akainua kichwa. Rhobi akapiga tena. Hilda akaja, hatua kwa hatua, mpaka kwenye magogo, na Rhobi akampa bonge la magadi alilokuwa amelinunua kwa ajili ya kuchemshia kunde. Akalilamba mpaka likaisha. Kisha akalamba mkono. Kisha Rhobi akaweka tawi la mkole pale pale ulipokuwa mkono, na Hilda akalitafuna kama mtu aliyekumbuka kitu.

Gloria alimkumbatia siku ile. Wote walimpigia makofi. Hakuna hata mmoja, msomi au asiye msomi, aliyefikiria kuuliza ule mluzi ni wa nani wengine.

Jioni ya siku ile ya mzee wa korongo, Gloria alimwita Rhobi wakaketi ghalani juu ya magunia.

"Mama, sikulaumu," akaanza. "Ule mluzi ndio uliomwokoa. Lakini nikimtoa hivi alivyo, namtoa afe. Iko hivi: ndani ya siku hizi ishirini ajifunze kuukimbia mluzi, na kukimbia mtu. Asipojifunza, nitaandika kwamba hafai pori. Atabaki hapa ndani ya magogo maisha yake yote."

"Na nani atamlisha?"

Gloria akamtazama. Alikuwa mtoto wa mjini lakini hakuwa mjinga. "Wewe," akasema. "Mpaka ustaafu."

Moyo wa Rhobi ulikuwa umeruka kwa furaha, na aliona aibu, akajifanya anakunja kanga.

Kazi ikaanza kesho yake. Walitumia ujuzi wa wakulima wa Robanda, wale wanaofukuza tembo mashambani: pilipili iliyosagwa, ikachanganywa na kinyesi cha tembo, ikakaushwa kama tofali, ikiwaka moshi wake unatoboa macho. Na madebe ya kupiga. Mpango ulikuwa Rhobi apige mluzi, Hilda akija, Amos na wenzake watoke na moshi na madebe.

Rhobi akapiga. Hilda akaja kwa ule mwendo wake wa kujiachia. Moshi ukapanda, madebe yakalia mpaka ndege wakahama miti. Hilda akaruka kwa miguu yote minne, akageuka, akazunguka boma mara mbili akikoroma kwa hofu. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Alikuja mbio mpaka pale aliposimama Rhobi, akabana ubavu wake kwenye magogo, akasimama anatetemeka. Alikuwa amekuja kujificha.

"Acheni!" Rhobi akapiga kelele. "Acheni, jamani, acheni!"

Siku ya pili ikawa hivyo hivyo, na ya tatu. Kila madebe yalipolia alimkimbilia yeye. Amos alisema wazi, "Daktari, huyu anadhani sisi ndio wabaya, na mama ndiye wa kumwokoa." Gloria akaandika kitu, hakusema alichoandika.

Siku ya nne Gloria alikwenda Mugumu kuleta dawa, na Amos alikuwa doria. Rhobi alibaki peke yake bomani na matawi yake. Hakupiga mluzi. Alifungua tu fundo la kanga, akapitisha mkono kati ya magogo, na Hilda akaja kwa harufu akalamba magadi mkononi kama zamani, macho nusu yamefumba. "Mara moja tu," Rhobi akamnong'oneza. "Usiwaambie." Akamkuna nyuma ya sikio, pale ngozi ilipo laini. Siku ya tano alifanya tena.

Jumapili, baada ya ibada, alikuta mgeni kwenye benchi nje ya chumba chake. Alikuwa Simoni, mdogo wake Waitara, naye mchimbaji. Alikuwa amekonda, na vumbi la mawe lilikuwa limekwisha ingia kifuani mwake. Alikohoa kabla ya kusalimu.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, Simoni. Mura, kijana wangu, umekwisha hivi? Huko hamli?"

"Tunakula, shemeji. Tunakula vumbi." Akacheka, akakohoa tena.

Rhobi akamsongea ugali wa mtama, akamletea na maziwa ya mgando. Simoni alikula kwa adabu, akasifia maziwa, akauliza habari za wa Kenyamonta. Aliponawa mikono akakausha kidole kimoja kimoja.

"Nasikia mnyama wenu anaachiwa karibuni."

"Nani kasema?"

"Watu wanasema. Wanasema pia anakuja akiitwa, kama ng'ombe." Alikuwa anaangalia chini. "Anakuja kwa mluzi wa kaka."

Rhobi akaweka sahani chini. "Unataka nini, Simoni?"

"Sitaki kitu. Sikuombi kitu, shemeji, naapa. Nauliza tu kama ni kweli." Akasimama, akajipangusa suruali. Kisha, bila kumwangalia, labda bila hata kukusudia, akauviringisha mdomo akaupiga kwa sauti ndogo: mrefu mmoja, mafupi mawili, ukakatika. Aliupiga vizuri kuliko Rhobi. Aliupiga sawasawa na Waitara, na kwa nini asiupige hivyo, walikuwa wamezaliwa boma moja. Kwa kitambo kidogo Rhobi alitaka kumwambia apige tena.

"Nenda kwa amani," akamwambia. Simoni akaenda, na kikohozi chake kikasikika mpaka kwenye kona ya barabara.

Mwanamke yule alikaa kwenye benchi mpaka jua likahamia upande wa pili wa nyumba. Hakuwa na kitu cha kumnyima Simoni. Simoni hakuhitaji kuomba wala kupewa, mluzi alikuwa nao kinywani. Kulikuwa na njia moja tu rahisi: Hilda abaki bomani, nyuma ya magogo na askari, alishwe kwa mkono, akunwe sikio. Angekuwa salama. Angezeeka. Na Rhobi angeitwa Mama Hilda mpaka afe. Njia hiyo ilikuwa tamu, na aliiangalia kwa muda mrefu, anasema uongo mtu atakayesema hakuiangalia.

Kisha akafikiria maisha ya jike anayekula, anayelala, anayezeeka ndani ya boma zuri bila mtoto, huku watu wanakuja kumtazama na kumhurumia. Hayo maisha hakuhitaji kuelezwa na mtu. Akaingia ndani, akafungua fundo la kanga, akaliweka bonge la magadi ndani ya kopo juu ya kabati.

Jumatatu asubuhi alimkuta Gloria kwenye ngazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Watu wameanza kuuliza habari za mluzi, Daktari. Waambie askari." Hakutaja jina. "Na madebe nipeni mimi. Na moshi nipeni mimi. Akikimbia asiwe na mtu wa kumkimbilia."

Gloria akaenda kuleta debe mwenyewe.

Rhobi alisimama mahali pake pa kila siku, amevaa kanga ile ile ili harufu iwe yake hasa. Akapiga mluzi. Hilda alikuja. Alipofika mdomo umeinuka, Rhobi aliusukuma moshi wa pilipili usoni pake kwa mkono wake, akalipiga debe kwa rungu karibu na sikio lile lile, akamtukana. Alimtukana kwa Kikurya, matusi yote aliyoyajua na mengine aliyatunga. Hilda alirudi nyuma hatua mbili, akasimama. Hakuelewa. Akarudi tena mbele, polepole, akinusa, akitafuta Rhobi yuko wapi ndani ya yule mtu anayepiga kelele. Rhobi akapiga tena.

Siku ya tatu ya kazi hiyo Hilda alikuja, akasimama mbali kidogo, akangoja. Siku ya tano alisimama mbali zaidi. Rhobi alipiga mluzi akalia, akapiga debe akalia, na wapishi waliacha utani wao wote. Siku ya nane alipiga mluzi na Hilda hakuja. Alikimbilia kona ya mbali kabisa akaweka makalio kwenye magogo na pembe mbele. Siku ya tisa aliurukia uzio kwa hasira, magogo yakalia, na Rhobi akaanguka kitako vumbini. Gloria alikuja mbio kumwinua.

"Ameshika," Rhobi akasema akiwa pale pale chini. "Ameshika, mwanangu. Andika."

Hapo ndipo alipomkumbuka Henrik ameinamia magoti ndani ya gari, na alivyomcheka.

Lango lilifunguliwa jua likichomoza, siku ya ishirini na moja. Gloria alimwuliza Rhobi kama anataka kusimama karibu. Akakataa. Alizunguka nyuma ya ghala, upande ambao upepo hauendi bomani, akasikiliza kutoka huko. Alisikia nyororo, alisikia bawaba, kisha kimya kirefu, kisha miguu mizito ikitembea, ikisimama, ikitembea tena, mpaka ikawa haisikiki. Boma likafagiwa siku hiyo. Alilifagia yeye.

Miezi sita ikapita. Rhobi alihamishiwa jikoni kumenya viazi. Jina la Mama Hilda liliendelea siku kadhaa, kisha watu wakaona aibu kulitumia, wakarudi kwenye Rhobi, na yeye aliitika.

Siku moja akitoka sokoni alikutana na Simoni barabarani, amekaa kwenye jiwe, begi la safari kando, anarudi Kenyamonta. Machimbo yalikuwa yamemtema. Wakasalimiana. Simoni akawa anakwaruza ardhi kwa kijiti.

"Shemeji," akasema mwishowe, "mluzi wa kaka umeharibika."

Rhobi alimwangalia kwa muda mrefu, yule kijana aliyekuwa na masikio ya Waitara na mdomo wa Waitara. Angeweza kumwuliza aliujaribu wapi, akiwa na nani, wameshika nini mikononi. Hakuuliza.

"Nimeuharibu mimi," akajibu.

Simoni akaitikia kwa kichwa. "Basi," akasema, na alionekana kama mtu aliyeteremshiwa mzigo, akajifuta macho kwa kiganja akisingizia vumbi. Rhobi akampa nusu ya ndizi alizonunua, akaenda zake.

Juma lile lile Amos alileta habari kutoka doria: nyayo za watu wawili kwenye korongo, walikaa hapo kama siku mbili, na nyayo za Hilda zilizokuwa zikija majini zikageuka ghafla na kukimbia mbali, hatua ndefu ndefu. Gloria alimwita Rhobi jikoni.

"Mama, kuna jambo moja limebaki, nami naogopa kukuomba. Wageni anawakimbia. Wewe je? Lazima tujue. Harufu yako, mluzi wako, wewe mwenyewe. Mara moja, halafu basi."

Kesho yake wakaenda watatu. Alasiri, wakati ng'ombe wanarudi majumbani. Amos alifuata nyayo mpaka penye kichaka cha mkole, akaonyesha kwa kidole bila kuongea. Tope lilikuwa na nyayo za Hilda, Rhobi alizijua, ukucha wa mbele wa kulia una pengo. Kando yake, zikienda upande ule ule, kulikuwa na nyayo nyingine, kubwa kuzidi, za yule dume wa miaka sita ya upweke. Zilikuwa mbichi zote. Rhobi alichutama akazitazama, akaweka kiganja chake ndani ya ule unyayo mdogo.

Gloria akaashiria. Rhobi akasimama, akalowesha midomo. Alipiga kama alivyofundishwa malishoni, bila kupunguza kitu, kama mtu anayetaka hasa kujibiwa: mrefu mmoja, mafupi mawili, ukakatika.

Kichaka kikapasuka. Hawakuwaona, waliona matawi tu yakilala na kuinuka, na vumbi, na ardhi ikitetemeka chini ya miguu yao, na kishindo kikaenda, kikaenda, kikapungua, kikatulia. Walikuwa wamekimbia wote wawili, upande wa mbali na sauti yake.

"Hongera, Mama..." Gloria akaanza, akashindwa kumaliza. Akamshika bega.

"Tangulieni," Rhobi akawaambia. "Nakuja."

Walipokwisha tangulia alifungua fundo la kanga. Bonge la magadi lilikuwamo. Alilitoa koponi asubuhi ile na hakumwambia mtu, na hata nafsi yake hakuiambia kwa nini. Kulikuwa na jiwe pana penye maji, mahali pazuri. Akaliweka hapo. Akalitazama. Kisha akaliokota haraka, akapangusa jiwe kwa kanga mara mbili, tatu, akamwagia na maji harufu iishe.

Akasimama na lile bonge mkononi, hajui alipeleke wapi. Ng'ambo ya korongo mzee wa Robanda alikuwa anawaita ng'ombe wake. Rhobi akatia magadi kinywani, akaufunga mdomo usije ukapiga mluzi wenyewe, akashika njia ya kurudi.